Sahani Mbili za Karanga

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu alinifuata ofisini wakati wa mapumziko, akafunga mlango, akatoa karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne. Sikuhitaji kuisoma yote. Nilipoona neno "uvimbe" na neno "kizazi" kwenye mstari mmoja nilimvutia kiti. Alitaka kujua mimi nilifanyaje. Nilimsimulia mpaka kengele ikalia na bado sikuwa nimefika nusu, kwa hiyo nimeamua kuandika, yeye asome, na mwingine yeyote mwenye karatasi kama ile naye asome. Mambo ya kitabibu sitayafundisha kwa sababu siyajui. Mimi ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi hapa Nachingwea, na ninachokijua vizuri ni jinsi nilivyokaribia kufa kwa ajili ya adabu.

Ilianza mvua za mwaka tisini na sita zilipokuwa zinaelekea ukingoni. Siku zangu, ambazo miaka yote zilikuwa nne, zikawa saba, zikawa kumi, kisha nikaacha kuzihesabu. Nilikuwa na miaka thelathini na saba. Nilikuwa na binti mmoja, Editha, aliyekuwa darasa la tano, na baada yake mimba mbili zilizoharibika. Mume wangu, Daudi, alikuwa fundi wa idara ya maji, Mhehe aliyeletwa huku na barua ya uhamisho akiwa kijana, akanikuta, akasahau kuomba kurudishwa kwao.

Nilianza kuvaa sketi nyeusi kila siku. Kanga za zamani nilizikata vipande nikavibeba kwenye mkoba, chini ya madaftari ya wanafunzi. Nilifundisha nimesimama kwa sababu nikikaa, kuinuka kulikuwa kazi. Kucha zikawa nyeupe, ngazi tatu za ofisi ya mwalimu mkuu zikanifanya niheme kama nimetoka kulima. Halafu ikaja hamu ya udongo. Nilikuwa nabandua vipande kwenye ukuta wa jiko la nje, navitafuna huku nachochea mboga, mpaka siku Editha aliponifuma.

"Mama," akaniuliza, "unakula nyumba?"

Nilicheka hadi nikashika ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa umeshapungua.

Kilichoniponza hasa ni tumbo. Lilikuwa linakua. Sokoni wanawake walianza kunipisha, wananiangalia kwa furaha. "Hongera, mwalimu. Safari hii Mungu amekukumbuka." Ningeweza kuwaambia ukweli. Badala yake nilitabasamu, nikanunua nyanya, nikarudi nyumbani. Kwa miezi kadhaa nusu ya mtaa ilikuwa inasubiri mtoto wangu, nami sikuwa na mtoto yeyote humo.

Hospitali ya kwanza nilikwenda Julai, mikorosho ikichanua. Wagonjwa tulikuwa tumepanga foleni kwenye mabenchi tangu asubuhi, kila mtu na kadi yake mkononi. Jina langu lilipoitwa, nilisimama na kujua mara moja kwamba nimechafua benchi na sketi. Nilishindwa kupiga hatua. Mwanamke mmoja aliyetoka Mtua, ambaye jina lake sikulijua siku ile wala baadaye, aliinuka nyuma yangu akajifanya ananiweka sawa kola, akanifunga kanga yake kiunoni.

"Tembea tu, dada," akaninong'oneza. "Benchi niachie mimi."

Kanga ile ninayo hadi leo. Nilimtafuta nimrudishie, sikumpata.

Daktari wa pale aliniambia kuna uvimbe kwenye kizazi, zaidi ya mmoja. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kuendelea na vidonge vya kuongeza damu na kungoja umri ukatishe siku zangu wenyewe. Ya pili ni kupasuliwa uondolewe uvimbe peke yake, kizazi kibaki. Ya tatu ni kukitoa kizazi chote. Kisha akasema maneno yaliyonigharimu karibu mwaka mzima: "Nendeni mkakubaliane nyumbani."

Hapa inabidi nieleze tulivyolelewa. Katika ukoo wetu, sisi Wamwera wa Ruponda, msichana akifundwa unyagoni anapewa somo, mwanamke mzima ambaye atakuwa mlezi wake katika mambo ya unyumba maisha yake yote. Hata sisi Wakatoliki, ambao unyago wetu ulifungwa kwa sala za kanisani, masomo tulikuwa nao. Jambo la mwili likiwa zito, mke hamwambii mume uso kwa uso. Anamtuma somo wake, na mume naye anajibu kwa somo. Siku ya harusi yetu wazee walimkalisha Daudi wakamweleza desturi hii. Ukweli ni kwamba wenyeji wenyewe tulikuwa tunaikwepa kila siku, wanawake wanaongea na waume zao jikoni kama watu wengine wote duniani. Lakini Daudi alikuwa mgeni, na mgeni anayependa ukweni hutaka kukosea kidogo kuliko wenyewe. Aliishika desturi ile kama mtu anayefuata masharti ya dawa. Mimba zangu mbili zilipoharibika, hakuniuliza hata neno moja. Alimuuliza somo.

Somo wangu aliitwa Mama Filotea, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuongoza kwaya, aliyeweza kutembea kutoka Ruponda hadi kwetu na kufika bila jasho. Nilimwita, nikamwambia: "Somo, kamuulize Baba Editha anasemaje kuhusu kizazi." Akamfuata kwenye nyumba ya mashine ya maji. Akarudi jioni.

"Anasema atafurahi sana mkipata mtoto," akaniambia.

Niliamini. Kwa nini nisiamini? Juu ya vichwa vyetu chumbani, kwenye mapaa, kulikuwa na kitanda kidogo cha mninga. Daudi alikiunda kwa mikono yake nilipokuwa na ile mimba ya kwanza iliyoharibika. Hakukiuza wala kukigawa. Alikifunga kwa kamba juu kule, na kila nilipojilaza mchana nikitafuta nguvu, macho yangu yaliishia kwenye miguu minne ya kitanda kile. Nilisema moyoni, mtu ambaye hataki mtoto asingehifadhi kitu kama hiki.

Kwa hiyo nikachagua kungoja, na kungoja kulikuwa na ratiba yake. Vidonge vyekundu kutwa mara tatu. Oktoba, watu wakiokota korosho, nikaanguka darasani na chaki mkononi. Nikawekewa dripu na kuongezewa damu, na miaka ile watu waliogopa damu ya kuongezewa kuliko ugonjwa wenyewe. Nilikaa wodini nikiangalia matone yanaingia mkononi mwangu, nikimwomba Mungu yawe ya mtu mwema. Krismasi nilikuwa na nguvu kidogo. Mvua za mwaka mpya zilipokolea nikarudi pale pale. Daudi alikuwa anaamka mapema, anachukua ndoo ya vitambaa vyangu anaenda kuvifua kazini kwake, kule kwenye mashine ya maji ambako hakuna jirani wa kumwona. Hakuwahi kulitaja jambo hilo. Mimi nilidhani anaona aibu kwa majirani. Sikujua kwamba alidhani mimi ndiye ninayeona aibu.

Mei, karanga zikiwa zimeng'olewa, mganga mkuu wa pale akanipa rufaa kwenda hospitali ya misheni upande wa Ruangwa. Gari la idara ya maji lilikuwa linaenda huko kupeleka mabomba, tukapanda: mimi, Daudi, Mama Filotea, na baba yangu mzazi kutoka Naipingo ambaye alikataa katakata kuachwa. Baba alibeba kikapu cha karanga mpya za kunilisha, kwa sababu alikuwa na imani kwamba hakuna ugonjwa unaoweza kukaa kwenye mwili ulioshiba karanga.

Daktari wa kule aliitwa Henriki, kijana mwembamba aliyefunga mguu mmoja wa miwani yake kwa waya. Alikuwa ametoka masomoni si muda mrefu, na huko alijifunza namna ya kuupima uamuzi kabla ya kuufanya. Alinipima, akasoma makaratasi yangu yote, akatuita sote wanne chumbani kwake. Akageuza kalenda ya zamani upande mweupe, akachora kiboksi, na kutoka kwenye kiboksi matawi matatu, na mwisho wa kila tawi duara.

"Hapa penye kiboksi mnaamua ninyi," akasema. "Hapa penye duara haamui mtu. Mimi siamui, mgonjwa haamui. Tunaweza kukadiria tu."

Akatafuta kitu cha kukadiria nacho, akaona kikapu cha baba. Akaomba karanga. Akahesabu ishirini kwa kila tawi. "Hawa ni wanawake ishirini wenye hali kama ya mwalimu," akasema, akaanza kuzigawa: hawa watapona, hawa uvimbe utarudi, hawa watahitaji damu nyingi, hawa hatutawaona tena. Zilikuwa ngapi kila upande sitaandika. Zilikuwa za mwili wangu, za hospitali ile na za akiba ya damu iliyokuwepo mwaka ule, na mwenyewe alirudia mara tatu kwamba ni makadirio. Ukitaka za kwako, muulize daktari wako akuhesabie.

Mimi nilijumlisha kila duara kuona kama zinafika ishirini. Zilifika. Baba yangu alikuwa na shaka nyingine. Ujana wake aliutumia kung'oa visiki kwenye yale mashamba makubwa ya karanga ya Waingereza, yaliyoanza kwa kelele nyingi na kuishia porini.

"Daktari," akasema kwa heshima, "hesabu za karanga sisi Nachingwea tulishaziona. Walikuja nazo kwenye makaratasi kama haya haya. Hata reli walileta. Leo reli iko wapi?"

Daktari alicheka hadi miwani ikamponyoka. "Mzee, wale walihesabu karanga bila kuwauliza watu wa hapa. Mimi nimefika nusu. Nusu iliyobaki ni ya kuuliza."

Akachukua sahani, akaweka karanga ishirini nzuri. Pembeni akaweka fungu la mbovu, zile nyeusi zilizokunjamana. Akaniambia hivi: "Mwalimu, chukulia unafumba macho unachukua moja kwenye sahani hii. Ukipata nzima, umepona, kizazi kipo na nafasi ya mtoto ipo. Ukipata mbovu, umekufa. Kuna njia ya pili: hufumbi macho, unapona, lakini mtoto mwingine hakuna tena. Najua hata kutoa kizazi kuna hatari yake, nimeshaiweka kwenye mchoro. Hapa ninapima uzito wa mtoto tu, kwako. Badilisha nzuri kwa mbovu, moja moja. Ukifika idadi ambayo unasema basi, bora njia ya pili, acha."

Nilimtazama Daudi, alikuwa ameinamisha kichwa. Nikabadilisha moja. Nikamtazama tena. Nikabadilisha ya pili. Mama Filotea alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama vile nimemwamkia mtu vizuri. Nikaweka ya tatu, na ya nne, nikaacha. Daudi alifumba macho. Nilidhani ameshukuru.

Daktari akapiga hesabu. Kwa mbovu nne, mchoro ulielekeza tawi la kati: kupasuliwa, kuondoa uvimbe peke yake, kizazi kibaki, na damu yangu ile ile iliyokwisha kuwa maji. Aliandika jibu, lakini kalamu yake ilikuwa nzito. Akaniuliza jambo ambalo lilionekana halihusiani kabisa.

"Mwalimu, mtoto akiibia jibu la mwenzake kwenye mtihani unamjuaje?"

"Macho," nikasema. "Kabla hajaandika anatazama pembeni."

"Na mimi nimeona macho yako," akasema. "Kila karanga ulitazama pembeni kwanza. Naomba wengine wote watoke."

Mama Filotea alitaka kubaki, akasema mambo haya ni yake. Daktari alimfungulia mlango kwa adabu kubwa, na akaendelea kuushikilia mpaka akatoka.

Tulibaki wawili. Akasafisha sahani, akaweka tena ishirini nzuri.

"Zile nne zilikuwa za nani?"

"Za mume wangu," nikajibu. Nilishangaa jinsi jibu lilivyotoka haraka.

"Za mume wako atanipa mwenyewe. Nipe za kwako."

Nilikaa mbele ya sahani ile muda mrefu kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya. Nilishika mbovu moja, nikaiweka. Nikamwona Editha amesimama mlangoni mwa jiko ananiuliza kama nakula nyumba. Nikaitoa. Nikaanza kulia. Niliona aibu, nasema ukweli, aibu ya mwanamke aliyefundwa na akasahau mafunzo. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine, wepesi, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Nilitaka kuishi. Nilitaka kumwona binti yangu akimaliza shule. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, na hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza.

"Hakuna," nikasema. "Hata moja."

Akaifunika sahani yangu kwa nyingine, akaandika, akaniambia nimwite Daudi.

Nje nilikaa kwenye benchi katikati ya baba na Mama Filotea. Mama Filotea alikuwa anamenya karanga za kikapuni na kuziweka kwenye mapaja yangu, nami sikuweza kumeza hata moja. Daudi alikaa humo ndani muda mrefu sana. Nilijisemea: anaweka mbovu nyingi, anaona vibaya kusimama. Nikapanga kabisa maneno ya kumwomba radhi, na nani nitamtuma ayapeleke.

Mlango ulipofunguka daktari alituita sote. Akaweka sahani mbili mezani sambamba, zimefunikwa. Akafunua ya kwanza. "Hii ya mwalimu." Karanga ishirini nzuri. Akafunua ya pili. "Hii ya Baba Editha."

Ya Daudi haikuwa na mbovu hata moja, na wala karanga zake hazikufika ishirini.

"Hii imepungua," nikasema. Mwalimu wa hesabu hafi.

"Nilimwambia kazi yake ni kuongeza mbovu tu," daktari akasema. "Akaanza kukagua zile nzuri. Amezitoa tano. Anasema hizi nazo hazieleweki."

Zilikuwa pale pembeni, karanga tano zenye doa dogo au kona iliyosinyaa, ambazo mtu yeyote angezila bila kuzitazama.

Daudi alinigeukia. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu alizungumza nami jambo la mwili mbele ya somo wangu bila kupitia kwake. "Si ulisema roho yako iko kwenye mtoto?"

"Mimi? Wewe ndiye ulisema utafurahi sana tukipata mtoto!"

"Nilisema nitafurahi ukipona. Nikasema na mtoto akija nitafurahi pia."

Tukageuka wote wawili kumtazama Mama Filotea. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nilisema maneno yanayofaa," akasema taratibu. "Mwanangu, weye ulinituma nikamuulize. Mke gani atanituma nikamwambie mumewe kuwa hataki kuzaa? Nikajua unaona haya, nikakusemea. Na mume gani atasema mbele yangu kwamba mtoto si kitu? Nikajua anaona haya, nikamsemea." Akaongeza: "Tangu nimeanza kazi hii naziba haya za watu."

Nilikasirika. Mwaka mzima wa vidonge, kuanguka darasani, damu ya mtu nisiyemjua. Lakini hasira yenyewe ilidumu kama dakika tano, kwa sababu nilikuwa natabasamu na ni vigumu kuendelea kukasirika ukiwa katika hali hiyo. Hakuwa ametudanganya kwa ubaya. Alitukuna pale ambapo watu wote waliomtangulia walimfundisha kwamba panawasha. Na mimi nilikuwa na mdomo wangu. Jiko lilikuwepo, mume alikuwepo, ningeweza kumuuliza huku naosha mchele.

Daktari alirudia hesabu yake mbele yetu akiwa na sahani zile mbili. Safari hii kalamu haikusita. Tawi la tatu: kutoa kizazi. Akalizungushia mstari.

Baba yangu alitazama mchoro, akatazama sahani, akavaa kofia yake. "Basi," akasema. "Safari hii karanga zimetoka."

Nililishwa na kuongezwa damu wiki sita kabla ya kupasuliwa. Daudi na mafundi wenzake wawili walijitolea damu, wakajifanya ni jambo dogo, halafu mmoja wao akazimia. Julai nikaingizwa chumba cha upasuaji. Ninachokumbuka ni ubaridi wa meza, na nesi mmoja mzee aliyesugua viganja vyake mpaka vikapata joto kabla ya kunigusa tumbo. Halafu nikaamka nina kiu ambayo sijawahi kuwa nayo. Maji walikataa kunipa. Mama Filotea alikuwa amekaa kando ya kitanda na kipande cha pamba, analowesha midomo yangu tone moja moja, na hakusema neno lolote lililofaa wala lisilofaa.

Siku ya tatu daktari Henriki alikuja kunieleza. Uvimbe wenyewe ulikuwa kama boga dogo, na mingine midogo kuuzunguka. Hata kwa njia tuliyochagua, kuzuia damu kulimtoa jasho. Kisha akasema, "Lakini, mwalimu, uamuzi ulikuwa mzuri tangu siku ile ya karanga. Hata kama juzi mambo yangeharibika, bado ungekuwa mzuri."

"Maneno hayo ungemwambia maiti," nikamjibu.

Alicheka, nami nikashika mshono kwa maumivu. Ilinichukua miaka kumwelewa. Pale penye duara hakuna anayeamua. Kilicho chetu ni kiboksi, na kwenye kiboksi kile, kwa mara ya kwanza, tulikuwepo wote wawili.

Nilirudi Nachingwea Agosti. Nilitembea nimeinama kama bibi, nimeshika tumbo kwa mkono, mpaka wiki ya nne nilipojikuta nimenyooka bila kukusudia. Rangi ya viganja ilirudi. Ukuta wa jiko ulisalimika. Kwa miezi mingi, kila zilipokaribia tarehe zangu, nilijikuta nakata kanga vipande, nacheka, navigeuza vitambaa vya kufutia ubao. Sokoni wapo walionong'ona kwamba sina kizazi tena. Niliwaambia ni kweli, nikanunua nyanya zangu. Mvua za Elinino zilipokuja mwisho wa mwaka ule barabara zikakatika pande zote, nami nilizitazama nikiwa mlangoni kwangu, mzima, nikijua kwamba kama ningekuwa bado nangoja, hakuna gari lingenifikisha popote.

Mwenzangu, wewe mwenye karatasi iliyokunjwa mara nne: jibu langu usilichukue. Pengine sahani yako itakuwa na mbovu tatu na utakuwa sahihi kabisa, maana wewe una miaka ishirini na tisa na huna mtoto. Mwombe daktari akuchoree matawi. Muulize za kila upande ni ngapi, na anajuaje. Halafu kaa peke yako na sahani yako, na umwache mumeo akae peke yake na yake. Mkimaliza, zungumzeni wenyewe. Mama Filotea naye sasa ndivyo anavyowafundisha wasichana. Amezeeka, haoni vizuri, lakini akitumwa huuliza kwanza: "Umeshamwambia mwenyewe?"

Jambo moja nililibakiza siku ile kengele ilipolia. Novemba ile, kabla ya mvua kuanza, Daudi alipanda darini kuangalia mabati yanayovuja. Akakifungua kile kitanda cha mninga na kukishusha, kimejaa vumbi na utando wa buibui. Akakiweka katikati ya chumba, akabaki anakifuta kwa kiganja. Nilikuwa nimekaa kitandani. Sikumtuma mtu.

"Baba Editha," nikasema. "Kweli hukutaka mtoto mwingine?"

Hakunitazama. Aliendelea kufuta ule ubao wa kichwani, ambao alikuwa ameuchonga ua.

"Nilitaka," akasema. "Nilitaka sana. Nilikiacha juu kule kwa sababu niliogopa nikikigawa utaumia." Akafuta tena. "Lakini siyo kwa mbovu hata moja, Mama Editha."

"Na mimi nilitaka," nikamwambia. Akaja akakaa karibu yangu, tukakiangalia pamoja mpaka Editha aliporudi kutoka shuleni na kuuliza kuna msiba gani.

Tulikitoa nje. Tangu mwaka ule tunaanikia karanga juu yake kila mavuno. Zikikauka Daudi huzimenya, na kabla hajaniletea sahani yangu huzipitia moja moja, miwani puani, anatoa hata zile ambazo hazina kasoro yoyote.